Mwenye Filimbi Ni Wangu

Watu wengine humshukuru Mungu kwa nyumba, wengine kwa ng'ombe, wengine kwa mtoto aliyefaulu mtihani. Mimi Mwanaharusi, mjane wa marehemu Makame fundi cherehani wa Buzuruga, nikimaliza kuswali alasiri namshukuru kwa miguu ya wanawake wa Kisesa. Najua ni shukrani ya ajabu. Lakini nikikueleza ilivyokuwa, nadhani na wewe utaitikia amina.

Nina mtoto mmoja tu, Suhaib. Baba yake alipofariki alikuwa bado sekondari, na tangu siku ya maziko mtoto akawa kama redio iliyoishiwa betri. Hakuwa mkorofi, hapana. Ukimtuma anakwenda, anarudi, anaweka mzigo, anakaa. Ukimuuliza kama ameshiba, anatikisa kichwa. Majirani walisema karogwa. Mimi nilisema ana huzuni, nikamkabidhi kwa Mola wangu, nikaendelea kumpakulia chakula na kumsemesha hata kama hajibu.

Akaenda kusomea ualimu Butimba, na kimya chake akaenda nacho. Nikawa najiuliza, mwalimu asiyesema atafundisha nini?

Kumbe Mwenyezi Mungu alikuwa ameshamtuma mtu. Mwalimu Ishengoma, mstaafu, Mhaya anayevaa koti hata siku ambayo jua linachemsha maji ya ziwa, alikuwa ameanzisha mashindano ya mieleka ya watoto. Anazunguka nayo kata kwa kata, leo Igoma, kesho Buswelu, na turubai lake kubwa amelikunja nyuma ya gari. Alikuwa anatafuta waamuzi. Akamwona Suhaib amesimama pembeni, akampa filimbi. Nilikuja kumuuliza baadaye, mwalimu, kwa nini ulimchagua huyu asiyesema? Akanijibu, "Mama Suhaib, mtu asiyesema sana huwa anatazama sana. Mimi nilikuwa nahitaji macho. Sauti nilijua itakuja yenyewe."

Na ilikuja. Maana refa hawezi kuwa bubu. Mwanangu akawa anarudi nyumbani Jumamosi jioni, ananisogezea mito ya makochi, ananionyesha. "Mama, tazama. Huyu akimwangusha mwenzake mgongo ukagusa turubai, mabega yote mawili, amemaliza. Bega moja, bado. Na wakitoka nje ya mstari, filimbi, wanarudi katikati." Mimi ninayejua mieleka kuwa ni watoto wa kiume kuchaniana mashati, nikawa nasikiliza kama nasikiliza mawaidha. Kucheka alikuwa bado hajacheka. Lakini alikuwa anaongea, na nyumba ikawa na watu wawili tena.

Halafu wakaja wazazi.

Si watoto, sikiliza vizuri. Watoto wenyewe walimheshimu. Wazazi ndio waliomzonga. Refa kipofu, refa kanunuliwa, refa kanywe uji ukue. Mtoto wa mtu akianguka, watu wanamiminika mpaka katikati ya uwanja. Waamuzi wenzake wawili walikuwa wameshaacha, mmoja alisema afadhali achunge mbuzi, mbuzi hawatukani. Siku moja Suhaib alirudi nyumbani shati limechanika begani. Hakusogeza mito. Alifungua kabati la vyombo vya wageni, akaiweka filimbi nyuma ya glasi, akafunga mlango taratibu.

"Kisesa nitakwenda," alisema, "kwa sababu nimeshampa mwalimu neno langu. Baada ya Kisesa, basi."

Nikamuuliza, "Basi kabisa?"

Akatikisa kichwa kukubali. Hakusema ndiyo. Alitikisa kichwa tu, kama zamani.

Nikaogopa. Sikuogopea mieleka. Nilimwogopa yule mtoto wa zamani, asirudi.

Mwalimu Ishengoma naye alipita nyumbani, akanywa chai, akaniambia bila kuzunguka, "Mama, bila mwamuzi hakuna mieleka, kuna ugomvi tu. Nikimpoteza Suhaib nakunja turubai, narudi Bukoba kwenye migomba yangu." Nikamwambia tumwachie Mungu. Lakini nikaona kumwachia Mungu si kukaa nyumbani. Nikakaanga visheti, nikajaza kopo, nikasema na mimi nakwenda Kisesa.

Suhaib aliposikia alisimama mlangoni. "Mama, ukija usikae mbele. Na usimwambie mtu kuwa mimi ni mwanao."

"Unanionea aibu?"

"Nakuonea huruma," akasema.

*

Uwanja ulikuwa kando ya barabara iendayo Bujora. Walikuwa wametandaza maranda ya mbao chini, juu yake turubai la kijani, na juu ya turubai wamechora duara kubwa kwa rangi nyeupe, nje yake maranda yakionekana. Watoto wanashindana wawili wawili ndani ya duara, mmoja kavaa bluu, mwenzake nyekundu, sisi watazamaji tunakaa nje. Hapakuwa na uzio wala kamba, mstari tu wa rangi, na mstari wa rangi haumzuii hata kuku.

Nikatafuta nafasi upande wa jua, mbali kidogo. Nilikuwa sijatulia vizuri, mwanamke mmoja mpana, mwenye kitenge cha njano, akaja akatandika mkeka ubavuni mwangu.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia; mayu kwao ni mama.

"Mwangaluka," nikajibu, kwa Kisukuma changu cha kuokoteza.

"Mimi Dorcas. Mwanangu ni yule pale wa bluu, Chenge, mwenye shingo. Na wewe una mtoto uwanjani?"

Nikafikiri. Uongo ni dhambi, na ahadi kwa mtoto nayo ni ahadi. "Ninaye mmoja," nikasema.

"Mwekundu au bluu?"

"Mungu atatuonyesha," nikasema, nikafungua kopo haraka. "Karibu visheti."

Akachukua kimoja, akatafuna, akafumba macho. Akachukua viwili. Tukawa marafiki pale pale.

Mieleka ikaanza. Wallahi, mwanamke yule alikuwa na sauti. Tukio la kwanza tu, mtoto kateleza, Suhaib kapuliza filimbi, Dorcas akajiinua kidogo. "Lefa! Hayo macho umeazima? Yarudishe kwa mwenyewe!"

Watu wakacheka. Nyuma yetu alikaa mzee Antoni, mwenye kofia ya pama na fimbo. Akaongezea, "Mwacheni, mama. Hiyo filimbi alipewa ya kufukuzia ndege kwenye mtama, akapotea njia."

"Lefa, kapumzike!" Dorcas akapokea. Kisha akanigeukia, sauti ya chini, ya watu wawili wanaoaminiana. "Aliyemzaa huyu, mayu, alimzaa gizani."

"Pengine umeme ulikatika," nikasema.

Alicheka mpaka akanipiga pajani. "Wewe mama utakuwa mtani wangu! Lete hilo kopo."

Nikampa kopo. Nilikuwa sina hasira naye, na sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa namtazama. Kila akimaliza kupiga kelele alikuwa anatabasamu kama mtu aliyetoka kuimba vizuri. Hakuwa anamchukia mwanangu. Alikuwa anafanya kazi, na kazi yenyewe sikuijua.

Nikatazama na wengine. Nikaona jambo. Mtoto wa bluu akimwinua mwenzake, watu walikuwa wanakimbia kwenda upande wa bluu. Wa kijiji chake na wasio wa kijiji chake, wote. Mwekundu akigeuza mambo, wanakimbia kurudi upande wa mwekundu, wengine wanakatiza katikati ya turubai kama vile ni njia. Suhaib anawasukuma kwa viganja vilivyo wazi, wanarudi, halafu wanaingia tena. Nikamwuliza Dorcas, "Mbona mnahamahama hivi? Si mngekaa mahali pamoja?"

Akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Mayu, tusipokwenda kwa mshindi, atajulikanaje kuwa ni mshindi?"

"Si kuna refa?"

"Lefa ni mtu mmoja!" akasema. "Kwetu huku ngoma mbili zikishindana, zinapiga siku moja, uwanja mmoja, hawa huku na hawa kule. Watu wanakwenda kwa anayecheza vizuri. Akiharibu, tunamhama. Mwisho aliyejaza watu ndiye kashinda. Tangu bibi zetu ni hivyo. Macho ya watu wengi hayadanganyi. Sasa leo kanakuja katoto kamoja na filimbi, sisi wote tumekwenda kwa bluu, yeye anasema hapana. Huo si wizi?"

Nikabaki na kisheti changu mkononi. Subhanallah. Kumbe wale watu hawakuwa wanavamia uwanja. Walikuwa wanahukumu, kwa miguu yao, kama walivyofundishwa utotoni. Na mwanangu alikuwa amesimama katikati ya kazi yao, akiwafukuza. Wao walimwona mwizi, na yeye aliwaona wahuni, wala hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Nikasema moyoni, hili lazima mwalimu alisikie. Lakini kabla sijanyanyuka, wakaitwa Chenge na mtoto wa Buswelu.

*

Dorcas aliacha kutafuna. Ndipo nikajua kuwa kweli ni mama.

Chenge alikuwa na nguvu, na shingo kama alivyosema mama yake. Mwekundu, yule wa Buswelu, alikuwa mwembamba lakini mtelezi kama kambare. Walishikana, wakazunguka, wakasogea, wakasogea, mpaka ukingoni. Hapo Chenge akamkumbatia mwenzake kiunoni, akamwinua juu, akamtupa chini. Pu! Mgongo wote.

Filimbi ikalia. Suhaib alikuwa ameinua mkono, lakini si wa ushindi. Alikuwa anaonyesha katikati. Rudieni.

Sijawahi kuona watu wakinyanyuka vile. Uwanja mzima ulikwenda upande wa Chenge, wakapita juu ya mstari, juu ya turubai, wakamzunguka mwanangu nikawa simwoni. Nikasikia kitambaa kinachanika. Nikaona mkono wa mtu mzima umeshika kamba ya filimbi, na kamba imo shingoni mwa mtoto wangu.

Nikasimama.

"Unakwenda wapi, mayu?" Dorcas akaniuliza, naye amesimama, anashangilia. "Ndiyo kwanza mambo yamenoga!"

"Kwa mwanangu."

"Ah! Kumbe wewe ndiye mama wa mwekundu? Pole, mwenzangu, kaangushwa vibaya!"

"Hapana," nikasema. "Mwenye filimbi ni wangu."

Ningetamani umwone. Mkono mmoja ulikuwa hewani. Mwingine ulikuwa na kisheti alichokwisha kuking'ata nusu, akawa anakitazama, hajui akimeze au akirudishe kwenye kopo.

"Yule?" akasema.

"Yule. Niliyemzaa gizani."

"Mungu wangu. Na nimekula chakula chako." Sauti yake ilikuwa imeshuka, nikaona si utani tena. "Nimemtukana mama wa mtu, mdomo wangu umejaa chakula chake."

"Dorcas, vitu hivyo tutasema baadaye. Wanamnyonga."

Akageuka. Alipiga kigelegele kimoja kirefu ambacho nadhani kilisikika mpaka Bujora, watu wote wakageuza shingo. "Wanawake!" akaita. "Wanawake wa Kisesa, mlio na watoto humu na msio nao! Njooni mkae kwenye mstari!"

Akawa wa kwanza. Alikwenda na mkeka wake mpaka kwenye lile duara, akajishusha chini, uso ukielekea turubai, akanyoosha miguu yake yote miwili mpaka visigino vikagusa rangi nyeupe. Nikakaa pembeni yake, nikanyoosha yangu. Akaja mwingine, na mwingine, wakicheka, wakiuliza kuna nini, lakini wakikaa. Vitenge vikajaa duara zima, goti kwa goti.

Hapo ndugu yangu utaelewa. Kwetu mjini, na kwao Kisesa, na nadhani kote ulikopita, mwanamume mwenye akili haruki miguu ya mama aliyekaa chini. Kwamba utapata balaa gani, kila mtu ana maelezo yake. Lakini haruki.

Wale walioko ndani wakajikuta wamefungiwa kama ng'ombe zizini. Dorcas akawaambia, "Atakayeruka miguu yangu akatafute mama wa kumzaa upya. Mnataka kutoka?" Akakunja goti moja, akaacha nafasi kidogo. "Mlango huu hapa. Piteni mmoja mmoja, na mseme samahani."

Wakapita. Wanaume wazima, ndevu zimejaa, wameinama, "Samahani mama. Samahani mama." Mzee Antoni alikuwemo, kofia mkononi. "Mimi niliingia kuokota fimbo yangu tu," akasema.

"Fimbo unayo mkononi, baba. Pita."

Uwanja ukabaki na watoto wawili na Suhaib. Shati lilikuwa limechanika kuanzia begani mpaka mfukoni. Aliniona nimekaa mstarini, kinyume na yote tuliyoagana. Nilimtazama tu, kwa utulivu niliouomba kwa Mungu pale pale.

"Lefa," Dorcas akamwita. Hakupiga kelele sasa. "Mwanangu kamwangusha mwenzake na sisi wote tumeona. Wewe umeona nini?"

Suhaib akaonyesha kwa mikono, kama refa: mguu, mstari, katikati.

"Hapana, baba. Mikono hiyo unaijua wewe na mwalimu wako. Sema kwa mdomo, tusikie."

Nikasema moyoni, ya Rabbi, mfungulie mwanangu ulimi.

"Kisigino chake," akaanza, na sauti ikakwama. Akakohoa. "Kisigino cha bluu kilitoka nje ya mstari kabla hajamwinua mwenzake! Ukitoka nje, kila kinachofuata hakihesabiwi. Njooni mwone alama yake hii hapa kwenye maranda, niliisimamia isifutwe!" Alisema kwa nguvu mpaka waliokuwa nyuma wakasikia. Akainama, akaonyesha.

Dorcas akainamisha kichwa, akaiona. Bado akamtazama mtoto wake. "Chenge. Ulitoka?"

Chenge akajifuta pua kwa mkono. "Nilitoka, mama. Nilimwambia refa niko tayari kurudia, ndipo mkaingia."

Kicheko kikaanza kwa wanawake, kikaenda mpaka kwa wanaume nyuma.

Wakarudia. Na ninachotaka kusema ni hiki, ndicho kinachonifanya nimwombee dua mwanamke yule mpaka leo. Wakarudia, na Chenge akashindwa. Yule kambare wa Buswelu aliteleza chini ya mkono wake, akamgeuza, mgongo chini, mabega yote mawili. Filimbi. Mkono wa mwekundu ukainuliwa.

Dorcas akaweka kiganja kimoja chini, kama mtu anayetaka kunyanyuka. Wanaume nyuma yetu walikuwa wameshasimama, wanangoja. Kama angenyanyuka yeye, wangenyanyuka wanawake wote, na miguu yetu isingezuia kitu.

"Lefa," akasema. "Umeona?"

"Nimeona, mama. Mabega yote mawili."

Akavuta pumzi. "Basi," akasema. Akaendelea kukaa.

*

Wakati watoto wanapumzika nilimfuata Mwalimu Ishengoma, nikamweleza habari ya ngoma na watu wanaohama, kama Dorcas alivyonieleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akavua koti. Sijawahi kumwona bila koti.

"Mama Suhaib," akasema, "mimi nimewafukuza watu hawa misimu yote, nikidhani hawana adabu."

"Wana adabu yao, mwalimu. Ila hawana pa kuiweka."

Akafikiri kidogo, akachukua kipaza sauti. Alisema kwamba juu ya turubai mshindi ni yule wa mwamuzi, na mwamuzi atatangaza kwa mdomo kila mara kwa nini ameamua hivyo. Lakini mwishoni kutakuwa na mshindi wa pili, mshindi wa watu. Watoto wote watasimama uwanjani, na kila mtazamaji atakwenda kusimama nyuma ya yule aliyempendeza. Atakayejaza watu atapewa jogoo. Jogoo mwenyewe alikuwa ameletwa kwa ajili ya chakula cha waamuzi, lakini mwamuzi amebaki mmoja, atakula ugali na dagaa kama sisi.

Dorcas akalirudia tangazo lote kwa Kisukuma, na nadhani aliongeza chumvi, maana walicheka mahali ambapo mwalimu hakuchekesha.

Kuanzia hapo kelele hazikuisha, nisikudanganye. Refa alitaniwa mpaka jioni. Lakini akitangaza, walisikiliza kwanza, wakabisha baadaye, na hakuna aliyegusa mstari.

Mwisho wakawekwa watoto, na watu wakaanza kuhama. Hapo ndipo walipofurahi. Walikwenda kwa Chenge, wakamhama, wakaenda kwa yule wa Buswelu, wakamhama, wakajazana kwa binti mmoja mdogo, Gladness, aliyeangushwa na kila mtu na kila mara akanyanyuka anadai kurudia. Jogoo akawa wake, na alimkumbatia kama anataka kumwangusha.

Mzee Antoni peke yake hakwenda kwa mtoto yeyote. Alitembea na fimbo yake polepole mpaka katikati, akasimama nyuma ya Suhaib.

"Mzee, hapo si mahali pake," mwalimu akamwambia.

"Mimi nimechagua huyu. Hajapigana na mtu, na amechanika kuliko wote."

Suhaib akacheka. Kwanza alijizuia, akashindwa. Akacheka kwa sauti, kichwa nyuma, mkono tumboni. Kilikuwa kicheko cha Makame, Mungu amrehemu. Nilikuwa sijakisikia tangu tumzike. Nikashika ukingo wa khanga yangu, nikainama kama mtu anayetafuta kitu chini.

Dorcas alinifuata barabarani na mfuko wa michembe. "Chukua, mayu. Si malipo. Ni viazi tu, nimevikausha mwenyewe."

"Wabeja, Dorcas," nikamshukuru.

"Lile neno langu..."

"Ulimsema mama usiyemjua. Sasa unamjua."

"Namjua na visheti vyake." Akacheka kidogo, kisha akamgeukia Suhaib. "Baba, wanasema baada ya hapa ni Magu. Ukiwa unakwenda tuambie, sisi miguu tunayo."

Suhaib alimwamkia, "Shikamoo, mama," kwa sababu alikuwa bado hajamsalimia tangu asubuhi. Zaidi ya hapo hakumjibu. Na mimi sikumuuliza kitu njiani. Mtu aliyeamua jambo, ukimuuliza haraka unamlazimisha asimamie neno lake la zamani.

Nyumbani niliswali magharibi, nikachelewa kunyanyuka. Nilipotoka nilimkuta amesimama mbele ya kabati la vyombo, filimbi mkononi. Nikajifanya napanga ndala. Kisha akaja penye cherehani ya baba yake, akalivua shati, akaliweka mezani, na filimbi akaining'iniza kwenye gurudumu la cherehani.

"Mama," akasema, kwa mdomo wake, si kwa kichwa, "utaweza kulishona kabla ya Magu?"

"Nitaweza," nikasema.

Nikawasha taa, nikatia uzi mara mbili, nikashona kuanzia begani mpaka mfukoni. Wanawake wa Kisesa watakuwepo na miguu yao, Alhamdulillahi. Lakini watu wa Magu nao wana mikono.